Mistari Sambamba Katika Shamba la Ngoro

Ukisimama asubuhi juu ya kilima huko Kingerikiti, ukautazama mteremko ulio ng'ambo ya bonde, utaona kitu kinachofanana na wavu wa kuvulia samaki uliotandazwa juu ya mlima. Macho ya wavu huo ni mashimo, na kamba zake ni matuta ya udongo. Hilo ndilo shamba la ngoro. Kingerikiti imo katika Wilaya ya Nyasa, Mkoa wa Ruvuma. Kabla ya mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga. Nchi hii ni ya milima na mabonde, na Ziwa Nyasa liko upande wake wa magharibi. Wamatengo wa milima hii wamelima ngoro kwa zaidi ya miaka 100.

Labda wewe unakisoma kitabu hiki mahali penye tambarare, na hujapata kuona shamba la namna hiyo. Si neno. Okota mabua machache, tafuta mahali penye kivuli, na utaweza kulitengeneza shamba hilo mbele ya miguu yako.

Kwanza tuone jinsi mkulima anavyofanya kazi. Mwezi Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha, nyasi ndefu hufyekwa na kuachwa zinyauke. Kisha nyasi hizo hupangwa chini kwa mistari. Mistari ya kwanza huteremka pamoja na mlima. Mistari ya pili huikatiza ile ya kwanza. Sasa shamba lote limegawanyika katika miraba, na kila mraba una upande wa meta 1 na nusu hivi, au zaidi kidogo. Kwa desturi kazi hiyo ya kufyeka na kupanga nyasi hufanywa na wanaume. Baadaye wanawake hushika majembe. Huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuutupa juu ya nyasi pande zote 4. Nyasi hufunikwa, matuta huinuka, na katikati hubaki shimo. Maharage hupandwa juu ya matuta, na yakisha kuvunwa, mahindi hufuata mvua za Novemba au Desemba zinapoanza. Chini ya matuta nyasi huoza polepole na kuwa mbolea.

Kwa nini watu walijitwisha kazi nzito kama hiyo? Katika karne ya 19 vita vya Wangoni viliwafanya Wamatengo wengi kukusanyika katika sehemu za milima zilizokuwa salama. Watu walikuwa wengi na ardhi ikawa haba. Mtu hakuweza tena kuliacha shamba lililochoka na kwenda kufyeka jingine mbali. Ilimbidi aulime mteremko ule ule mwaka baada ya mwaka. Na mteremko mkali usiolindwa hupoteza udongo wake wa juu kwa mvua za miaka michache tu. Udongo huo ndio wenye chakula cha mimea. Ukiisha kwenda bondeni, haurudi. Kwa hiyo wakulima hao walikuwa na mambo mawili ya kuchagua: kuushika udongo au kulala njaa.

Mwaka 1938 maelezo ya kilimo hiki yalichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, pamoja na wenzao kutoka Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani, walikwenda Mbinga kukichunguza. Lakini sisi leo tutaichunguza mistari yenyewe.

Mabua matatu

Chukua mabua 3 yaliyonyooka. Laza mabua 2 chini mbele yako, kutoka kushoto kwenda kulia, moja mbali kidogo na jingine. Pima kwa rula nafasi iliyo kati yao upande wa kushoto, katikati na upande wa kulia. Yasogeze mpaka nafasi hiyo iwe sawa kila mahali. Mistari ya namna hii, ambayo nafasi kati yake haipungui wala haiongezeki, na ambayo haitakutana hata ikirefushwa mpaka Songea na kupita, huitwa mistari sambamba.

Sasa chukua bua la tatu. Liweke juu ya yale mawili kwa mshazari, ncha yake ya chini ikiwa upande wa kushoto na ya juu upande wa kulia. Mstari unaokingama hivi juu ya mistari mingine tutauita mkingamo. Hesabu pembe zilizofanyika. Mahali mkingamo unapokata bua la juu pana pembe 4. Mahali unapokata bua la chini pana pembe 4 nyingine. Jumla ni 8.

Ili tusipotee, tuzipe majina. Chora mistari hiyo katika daftari lako. Katika makutano ya juu, andika herufi a katika pembe ya juu kushoto, b katika pembe ya juu kulia, c katika pembe ya chini kulia, na d katika pembe ya chini kushoto. Katika makutano ya chini fuata mzunguko ule ule: e juu kushoto, f juu kulia, g chini kulia, h chini kushoto.

Chukua kipimapembe uzipime zote. Hapa nakuonya juu ya kosa moja ambalo nimeliona katika madarasa mengi kuliko makosa mengine yote: mwanafunzi huweka ukingo wa kipimapembe juu ya mstari, wakati mstari wa sifuri uko juu kidogo ya ukingo huo. Kituo cha kipimapembe kiwe juu ya makutano hasa, na mstari wa sifuri ulale juu ya mstari unaoupima.

Tuseme umeona kwamba pembe b ina nyuzi 70. Pembe a itakuwa na nyuzi 110. Endelea na nyingine. Utaona jambo la ajabu: ingawa pembe ni 8, vipimo ni 2 tu. Pembe b, d, f na h zina nyuzi 70 kila moja. Pembe a, c, e na g zina nyuzi 110 kila moja. Uelekeze mkingamo namna nyingine, upime tena. Vipimo vitabadilika, lakini bado vitakuwa 2 tu, na vikijumlishwa vitakuwa nyuzi 180. (Kuna namna moja ambapo vipimo vyote 8 huwa sawa kabisa. Itafute mwenyewe.)

Tusiridhike na kupima tu; tutafute sababu. Pembe a na b zimekaa bega kwa bega juu ya mstari mmoja ulionyooka, na pembe iliyonyooka ina nyuzi 180. Basi a ikiongezeka, b hupungua kwa kiasi kile kile. Pembe b na d nazo zinatazamana kwenye ncha ya makutano. Tunaziita pembe mkabala. Kila moja ya hizo, ikijumlishwa na a, hufanya nyuzi 180. Kwa hiyo hazina budi kuwa sawa.

Hayo yote yametokea katika makutano moja. Je, makutano ya juu yanajuaje habari za makutano ya chini? Kata kipande cha karatasi kinacholingana sawasawa na pembe f. Kiweke juu ya pembe f, kisha kitelezeshe kufuata mkingamo kuelekea juu, bila kukizungusha, mpaka kifike kwenye pembe b. Kitaingia barabara, kama mguu katika kiatu chake. Mistari miwili sambamba inaelekea upande mmoja. Kwa hiyo mkingamo unaikata yote miwili kwa namna moja. Pembe b na f zimekaa mahali panapofanana, na tunaziita pembe mfanano. Vivyo hivyo a na e, c na g, d na h.

Sasa tazama pembe d na f. Zote zimo kati ya mistari sambamba, lakini moja iko kushoto kwa mkingamo na nyingine iko kulia. Ukifuata mistari yake kwa kidole utaandika herufi Z. Hizi tunaziita pembe mbadala. Je, ziko sawa? Pembe d ni sawa na b, kwa kuwa ni pembe mkabala. Pembe b ni sawa na f, kwa kuwa ni pembe mfanano. Basi d ni sawa na f. Hukuhitaji kipimapembe. Pembe c na e ni pembe mbadala pia. Jaribu kueleza usawa wake kwa maneno yako mwenyewe.

Zimebaki pembe c na f. Nazo zimo kati ya mistari sambamba, ila zote ziko upande mmoja wa mkingamo. Haziko sawa, lakini jumla yake ni nyuzi 180. Usilipite jambo hili haraka, maana ndilo litakalotuambia kama matuta ya mkulima yamekwenda sawa au yamekwenda kombo.

Nyuzi 4 tu

Tuseme mkulima amepanga mistari miwili ya nyasi akidhani ni sambamba. Mkingamo unaikata, na umbali kati ya makutano mawili, ukipimwa juu ya mkingamo, ni meta 1 na nusu. Unapima pembe c, unapata nyuzi 110. Unapima pembe f, unapata nyuzi 66. Jumla ni nyuzi 176. Zimepungua nyuzi 4. Kwa macho matupu huwezi kuuona upungufu huo. Ukilitazama shamba utasema mistari imenyooka vizuri. Lakini mistari hiyo inakaribiana upande ule wa pembe c na f, na mwendo wa meta 20 hivi mbele itagusana. Mahali hapo hapana shimo wala tuta la maana, na maji ya mvua yatapata mlango wa kutokea.

Sasa tuulize swali jingine. Je, mistari ikiwa sambamba lakini ikakatana kwa mshazari, kuna hasara gani? Chora katika daftari mraba wenye upande wa sentimeta 15, ambao utakuwa badala ya meta 1 na nusu shambani. Eneo lake ni sentimeta za mraba 225. Kisha chora umbo jingine lenye pande 4 za sentimeta 15 kila moja, lakini pembe yake kali iwe nyuzi 30. Pima kimo chake kutoka upande wa chini mpaka upande wa juu. Utapata sentimeta 7 na nusu. Zidisha kwa 15. Eneo ni sentimeta za mraba 112 na nusu, yaani nusu ya lile la kwanza! Urefu wa matuta ni ule ule, nyasi ni zile zile, jasho ni lile lile, lakini nafasi ya shimo imepungua nusu. Tena katika zile pembe kali jembe haliingii vizuri. Pembe mraba, yaani nyuzi 90, ndiyo inayompa mkulima shimo kubwa kuliko zote kwa matuta ya urefu huo.

Maji yaendako

Tengeneza vilima 3 vidogo vya udongo uleule, vyenye mteremko sawa. Katika kilima cha kwanza chora kwa kijiti mifereji iliyonyooka kutoka juu hadi chini. Katika cha pili chora mifereji inayokingama, kutoka kushoto kwenda kulia. Katika cha tatu tengeneza ngoro ndogo: matuta ya kushuka, matuta ya kukingama, na mashimo katikati. Toboa kopo matundu madogo kwa msumari. Mimina maji kwa kopo hilo juu ya kila kilima, kiasi kile kile, na uweke sahani chini ili kukinga yanayotiririka.

Tazama rangi ya maji katika sahani. Katika kilima cha kwanza yamekuja mengi na ni mekundu au meusi kwa udongo. Katika cha pili yamekuja machache, ila angalia mahali ambapo tuta moja limepasuka: maji yote yaliyokuwa yamezuiwa hupita katika ufa huo, na tuta la chini yake hupasuka pia. Katika cha tatu maji yameshikwa kila shimo kwa lake. Tuta moja likibomoka, hasara huishia katika shimo la jirani.

Tufanye hesabu, kwa maana ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mvua ya milimeta 1 ikinyesha juu ya meta 1 ya mraba huleta lita 1 ya maji. Mraba wa ngoro wenye upande wa meta 1 na nusu una meta za mraba 2.25. Mvua ya milimeta 20, ambayo si ajabu katika alasiri moja ya masika, itaingiza humo lita 45 hivi, yaani ndoo 2 za lita 20 na kidogo zaidi. Shimo linaweza kuzishika, na udongo unaweza kuzinywa polepole. Lakini uwe na mfereji mmoja unaoshuka meta 40 moja kwa moja, wenye upana ule ule wa meta 1 na nusu. Eneo lake ni meta za mraba 60. Mvua ile ile italeta lita 1,200. Sehemu ya maji hayo itazama njiani. Lakini yanayobaki hukimbia kwa kasi inayozidi kila hatua, na maji yakikimbia zaidi hubeba udongo zaidi. Fikiri ndoo 60 zikimwagwa kwa pamoja kutoka juu ya shamba la mama yako. Hiyo ndiyo sababu mfereji wa mwaka huu huwa korongo mwaka ujao.

Kuupima mteremko

Mteremko mkali ni wa nyuzi ngapi? Mistari sambamba itatusaidia hapa pia.

Tafuta kipimapembe kikubwa, au ukate cha karatasi ngumu. Funga kamba nyembamba katika kituo chake na uning'inize kijiwe. Ukishika ukingo ulionyooka ukiwa juu na ukiwa sawasawa kama maji yaliyotulia, kamba hupita kwenye alama ya nyuzi 90. Tafuta pia fimbo 2 zenye urefu sawa. Wewe simama chini ya mteremko na fimbo moja. Mwenzako asimame juu na fimbo ya pili. Tazama kwa kufuata ukingo wa kipimapembe, kutoka ncha ya fimbo yako mpaka ncha ya fimbo ya mwenzako. Kamba itahama kutoka alama ya nyuzi 90. Ikiwa imehama nyuzi 20, basi mteremko ni wa nyuzi 20.

Kwa nini? Kwa kuwa fimbo ni sawa, mstari wa macho yako ni sambamba na ardhi ya mteremko. Mstari uliolala sawasawa unaikata yote miwili kwa namna moja. Hizo ni pembe mfanano. Sasa mwenzako naye apige shabaha kutoka juu kukutazama wewe. Atainamisha macho nyuzi ngapi? Nyuzi 20 zile zile. Mstari uliolala sawasawa kwake na ule uliolala sawasawa kwako ni sambamba, na mstari wa macho yenu ni mkingamo. Pembe yako ya kuinua macho na pembe yake ya kuinamisha macho ni pembe mbadala. Ikiwa mmepata vipimo viwili mbalimbali, msigombane. Rudieni kupima, na mngoje upepo utulie ili kijiwe kisiyumbe.

Kivuli cha fimbo

Herufi Z tuliyoiona kati ya mabua ya mahindi iliwahi kutumika kupima dunia nzima. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo aliishi huko Aleksandria, Misri, mtaalamu aliyeitwa Eratosthenes, mtunzaji wa maktaba kuu ya mji ule. Alipata habari kwamba siku moja kila mwaka, katika mji ambao leo huitwa Aswan, Jua la adhuhuri huwa juu ya utosi kabisa. Siku hiyo hiyo Aleksandria, iliyo kaskazini, vitu vilikuwa na vivuli. Alipima pembe ya kivuli akaona ni sehemu 1 ya 50 ya duara, yaani nyuzi 7 na kidogo. Akasema: basi umbali kati ya miji hii miwili ni sehemu 1 ya 50 ya mzingo wa dunia.

Tuelewe jinsi alivyofikiri, kwa kutumia mfano wa kwetu. Jua liko mbali sana nasi, karibu kilometa milioni 150; kwa hiyo miale yake inayoifikia dunia tunaweza kuihesabu kuwa sambamba. Siku 2 kila mwaka, karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba, Jua la adhuhuri huwa juu ya Ikweta. Kule Kenya uko mji wa Maseno, ambao Ikweta hupita papo hapo. Siku hiyo adhuhuri fimbo iliyosimamishwa Maseno haina kivuli. Kingerikiti iko karibu kusini kabisa ya Maseno. Kwa hiyo adhuhuri ya mahali pawili hapa hufika karibu wakati mmoja.

Chora duara kubwa, na kituo chake ukiite K: hiyo ndiyo dunia. Weka alama ya Maseno na alama ya Kingerikiti juu ya mzingo. Mwale wa Jua unaoangukia Maseno, ukirefushwa, hufika K. Mwale wa pili, ulio sambamba nao, hugusa ncha ya fimbo iliyosimama Kingerikiti. Sasa irefushe fimbo hiyo kwenda chini ardhini mpaka K. Umeona? Fimbo imekuwa mkingamo juu ya miale miwili sambamba. Pembe kati ya fimbo na mwale kwenye ncha ya fimbo, na pembe iliyo K kati ya Maseno na Kingerikiti, ni pembe mbadala. Ukiipima ya kwanza uani pa shule, umeipima ya pili iliyo ndani kabisa ya dunia, mahali ambapo hapana mtu awezaye kufika.

Usifanye jaribio hili mwezi Machi, kwa sababu katika milima ya Mbinga na Nyasa mawingu ya masika yatakunyima Jua. Ngoja Septemba, wakati wa kiangazi. Simamisha fimbo inayotokeza juu ya ardhi meta 1 kamili, mahali pa tambarare. Inyoshe kwa kamba yenye kijiwe. Kuanzia saa sita adhuhuri mpaka saa saba na robo, weka alama mwishoni mwa kivuli kila baada ya dakika 5. Usishangae ukiona kivuli kifupi kuliko vyote kimekuja nusu saa hivi baada ya saa sita: saa za Afrika Mashariki hufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, na Kingerikiti iko karibu na nyuzi 35, kwa hiyo Jua huchelewa kutufikia.

Kivuli hicho kifupi kitalala upande wa kusini, nacho kitakuwa na urefu wa karibu sentimeta 20. Chora pembetatu yenye kimo cha sentimeta 10 na kitako cha sentimeta 2, upime pembe ya juu. Utapata nyuzi 11 hivi. Mzingo wa dunia ni kilometa 40,000 kwa makisio. Gawanya kwa 360, uzidishe kwa 11. Jibu ni karibu kilometa 1,220, nao ndio umbali kutoka Kingerikiti mpaka Ikweta, uliopimwa kwa fimbo moja.

Maswali

1. Mkingamo umekata mistari miwili sambamba. Pembe moja kati ya zile 8 ni nyuzi 35. Andika vipimo vya pembe nyingine 7.

2. Wanafunzi wawili walipima pembe za ndani za upande mmoja katika mistari miwili ya nyasi. Wakapata nyuzi 93 na nyuzi 91. Je, mistari hiyo ni sambamba? Kama si sambamba, itakutana upande ule wa pembe zilizopimwa, au upande wa pili wa mkingamo?

3. Mraba wa ngoro una upande wa meta 2. Mvua ya milimeta 30 italeta lita ngapi za maji humo?

4. Karibu na tarehe 21 Februari na 22 Oktoba, fimbo iliyosimama Kingerikiti haina kivuli adhuhuri. Siku hizo kivuli cha fimbo iliyosimama Maseno kitalala upande gani, na pembe yake itakuwa nyuzi ngapi?

5. Tembelea shamba lolote lililo kwenye mteremko karibu na shule yenu baada ya mvua. Pima mteremko wake. Angalia matuta yanaelekea wapi, na maji yamepita wapi. Chora ramani yake, uipeleke kwa mwenye shamba.